Nahodha James Cook na Miamba ya Pasifiki

1. Mtoto wa Kibarua

James Cook alizaliwa mwaka 1728 katika kijiji cha Marton, upande wa kaskazini wa nchi ya Uingereza. Baba yake alikuwa kibarua wa shamba, mtu maskini mwenye bidii. Bwana wa shamba alipoona ya kuwa mtoto yule ana akili, alimlipia karo ya shule katika kijiji cha Great Ayton, apate kujua kusoma, kuandika na hesabu. Elimu aliyoipata hapo haikuwa nyingi, lakini hesabu aliipenda, nayo ilimfaa maisha yake yote.

Alipokuwa kijana wa miaka 16 hivi alipelekwa Staithes, mji mdogo wa wavuvi, awe mtumishi wa duka. Duka lile lilikuwa kando ya bahari, na haukupita muda mrefu ikaonekana wazi ya kuwa moyo wa kijana uko majini, si katika vitambaa na mizani. Mwenye duka hakumzuia. Mwaka 1746 Cook alikwenda bandari ya Whitby, akawa mwanafunzi wa kazi kwa John Walker, mwenye merikebu za kuchukua makaa ya mawe.

Merikebu za makaa zilikuwa shule ngumu. Zilisafiri kutoka kaskazini mpaka London zikifuata pwani ya mashariki ya Uingereza, na pwani ile ina mafungu ya mchanga yasiyoonekana, mikondo yenye nguvu, ukungu, na pepo za baridi zinazogeuka ghafula. Nahodha asiyejua kina cha maji chini ya mkuku wake hakuishi siku nyingi. Hapo ndipo Cook alipojifunza kutumia bildi. Bildi ni pande la risasi lililofungwa kamba yenye alama za pima, na pima moja ni futi sita. Chini yake pana kitundu kinachotiwa mafuta ya mnyama, ili chembe za mchanga, au tope, au matumbawe, zinate. Kwa hiyo baharia hujua kina cha maji, na tena hujua ni ardhi ya namna gani ambayo nanga yake itaishika.

Mwaka 1755 John Walker alitaka kumpa merikebu aiongoze mwenyewe. Watu wengi wangalifurahi. Lakini Cook alikiacha cheo hicho, akaingia katika manowari za mfalme kama baharia wa kawaida, akaanza tena chini. Baada ya miaka miwili alifaulu mtihani wa kuongoza merikebu. Vita vya Uingereza na Ufaransa vilimpeleka Kanada, na huko alijifunza kupima nchi na kuchora ramani. Mwaka 1759 alikuwa mmoja wa watu walioupima mto St. Lawrence, ili manowari za Waingereza zipate kuupanda mpaka Quebec. Mwaka 1762 alimwoa Elizabeth Batts. Kisha tangu mwaka 1763 mpaka 1767 alipima pwani za kisiwa cha Newfoundland, na ramani zake zilikuwa sahihi hata mabaharia wakazitumia miaka mingi baada ya kufa kwake.

2. Merikebu ya Makaa Yaenda Tahiti

Wataalamu wa Uingereza walijua ya kuwa tarehe 3 Juni, 1769, nyota ya Zuhura itapita mbele ya uso wa jua. Walitumaini kwamba, ikipimwa kutoka mahali mbalimbali duniani, wataweza kujua umbali wa jua. Wakataka kupeleka watu katika kisiwa cha Tahiti, katikati ya bahari ya Pasifiki. Tena serikali iliandika maagizo ya siri, ya kuwa kazi hiyo ikiisha, nahodha atafute bara kubwa ambalo watu walidhani liko kusini. Mtu aliyechaguliwa kuwa nahodha ni James Cook, mwana wa kibarua.

Merikebu yake, Endeavour, haikuwa nzuri ya kutazamwa. Ilijengwa Whitby kwa kazi ya makaa, tani 368, pana, nzito, si ya mbio. Lakini tumbo lake lilikuwa bapa, hata iliweza kukaa juu ya mchanga maji yakipwa isipinduke, na ndani yake palikuwa na nafasi ya vyakula vya miezi mingi. Cook alizijua merikebu za namna hiyo tangu ujana wake. Waliondoka Plymouth tarehe 26 Agosti, 1768, watu zaidi ya 90, wakazunguka ncha ya Amerika ya Kusini, na mwezi wa Aprili 1769 wakatia nanga katika ghuba ya Matavai, kisiwani Tahiti.

Kwa baharia aliyelelewa katika bahari ya mchanga na tope, visiwa vile vilikuwa jambo geni. Upepo wa kusini-mashariki huvuma huko sehemu kubwa ya mwaka. Watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki wanaujua upepo wa namna hiyo, maana kusi nayo hutoka upande huo. Visiwa vingi vimezungukwa na mwamba wa matumbawe kama boma. Nje ya boma mawimbi hupasuka kwa kishindo. Ndani yake maji yametulia. Na katika boma mna milango michache, mara nyingi mahali ambapo mto hushuka kutoka milimani, kwa kuwa matumbawe hayaoti vizuri katika maji yasiyo ya chumvi. Atakaye kutia nanga hana budi kupita mlangoni.

Tena hatari kubwa i nje. Nyuma ya mwamba bahari huwa ya kina mara moja. Merikebu yaweza kuwa karibu na mwamba kiasi cha mtu kutupa jiwe, na bildi isipate chini. Hapo nanga haifai kitu. Upepo ukivuma kuelekea mwamba, au ukikatika na mkondo ukivuta, merikebu haina pa kushika. Na ndani ya mwamba mna hatari nyingine, maana matumbawe ni makali kama visu, na katika siku za Cook amari za nanga zilikuwa kamba za katani, si minyororo. Usiku mmoja wa upepo waweza kuikata kamba nene kama mguu wa mtu.

Kwa sababu hiyo Cook alijiwekea kanuni. Alitafuta upande wa kisiwa unaokingwa na upepo. Alitanguliza mashua yenye bildi, na merikebu ikafuata nyuma. Usiku ulipoingia kabla hajajua njia, mara nyingi alikaa mbali baharini, akipiga bisha huku na huku, akangoja mapambazuko.

Alipoondoka Tahiti mwezi wa Julai, Cook alikuwa na mwalimu mpya. Huyu ni Tupaia, kuhani na mwanamaji wa kisiwa cha Raiatea. Tupaia hakuwa na dira wala chombo cha kupimia jua. Aliongozwa na nyota, na mawimbi, na upepo, na elimu aliyoirithi kwa wazee wake. Walipofika kisiwa cha Huahine alimwagiza mtu apige mbizi aupime mkuku wa merikebu, ili ajue inahitaji maji kiasi gani, kisha akawaongoza. Aliwasaidia Waingereza kuchora ramani ya visiwa zaidi ya 70, na vingi vya visiwa hivyo Mzungu yeyote alikuwa hajaviona. Walipofika New Zealand, Tupaia aliweza kusema na Wamaori, kwa sababu lugha yao na lugha yake ni ndugu. Cook alizizunguka nchi hizo kwa muda wa miezi sita, akaonyesha ya kuwa ni visiwa viwili vikubwa, wala si sehemu ya bara la kusini.

3. Usiku wa Tarehe 11 Juni

Mwezi wa Aprili 1770 waliifikia pwani ya mashariki ya Australia, wakaifuata kwenda kaskazini. Hawakujua ya kuwa nje, upande wao wa kuume, uko Mwamba Mkuu wa Matumbawe, ambao urefu wake ni zaidi ya maili 1,200. Kusini mwamba huo uko mbali na nchi kavu. Kwa kadiri mtu anavyokwenda kaskazini, mwamba na nchi hukaribiana. Endeavour iliingia humo kama samaki aingiavyo katika dema, mlango mpana, na mwisho mwembamba.

Usiku wa tarehe 11 Juni ulikuwa mzuri, wenye mbalamwezi na upepo wa kufaa. Baharia alikuwa akitupa bildi bila kuacha. Maji yalipungua, kisha yakaongezeka tena mpaka pima 20, na watu wakadhani hatari imepita. Karibu na saa tano ya usiku bildi ikaonyesha pima 17. Kabla haijatupwa mara ya pili, merikebu ikapanda juu ya mwamba, ikakwama.

Nchi kavu ilikuwa mbali, na mashua hazikutosha kuwachukua watu wote. Cook hakupiga kelele. Aliamuru matanga yashushwe, mashua ziteremshwe, na kina kipimwe pande zote. Kisha nanga zikachukuliwa kwa mashua, zikatupwa mbali penye maji mengi, na watu wakazivuta amari kwa duara, ili merikebu ijivute yenyewe itoke. Haikutoka, maana ilikwama maji yalipokuwa yamejaa. Basi wakaipunguzia mzigo. Wakatupa baharini mizinga sita, na vyuma na mawe ya farumi, na mapipa, na kuni. Tani 40 au zaidi. Maji ya mchana yalijaa, lakini hayakufika kimo cha yale ya usiku, na merikebu haikutikisika. Huku tundu likaingiza maji, na watu wote, nahodha na wataalamu pamoja nao, wakashika zamu katika bomba za kutolea maji.

Cook alijua ya kuwa maji ya usiku yatakuwa makubwa zaidi. Alijua pia ya kuwa merikebu ikitoka juu ya mwamba yaweza kuzama mara moja, maana labda mwamba ndio ulioziba tundu. Hata hivyo aliamua kuitoa. Saa nne ya usiku, baada ya kukwama muda wa saa 23, merikebu ikaelea. Haikuzama.

Ndipo kijana mmoja, Jonathan Monkhouse, ambaye aliwahi kuliona jambo hili katika merikebu nyingine, alipopewa kazi ya kuziba tundu. Walichukua tanga, wakalishonea nyuzi za kamba kuukuu na manyoya ya kondoo, wakalipitisha kwa kamba chini ya merikebu. Nguvu ya maji ikalivuta tanga ndani ya tundu, na tangu hapo bomba moja tu ilitosha.

Baadaye walipoilaza merikebu mchangani waliona ajabu. Pande la tumbawe lilikuwa limevunjika likabaki ndani ya tundu kama kizibo. Mwaka 1969, karibu miaka 200 baadaye, wapiga mbizi waliiona mizinga ile sita juu ya mwamba, imefunikwa na matumbawe, wakaiopoa.

4. Upepo Usiokoma

Mashua ziliona mdomo wa mto uliofaa kuwa bandari. Lakini upepo ulivuma kwa nguvu hata merikebu isiweze kuongozwa katika mlango mwembamba. Ikawabidi wangoje nje kwa nanga siku kadhaa, na tundu lao limezibwa kwa tanga. Walipoingia walipanda mchangani mara mbili, lakini bila madhara. Hapo walikaa karibu majuma saba.

Nchi ile ilikuwa na wenyewe, watu wa kabila la Guugu Yimithirr, na kutoka lugha yao ndiko lilikotoka jina la mnyama kangaruu. Kwanza walikaa na wageni kwa amani. Kisha wenyeji waliwaona kasa wengi juu ya merikebu, waliovuliwa katika maji yao bila ruhusa. Wakaomba mmoja, wakanyimwa. Wakakasirika, wakachoma nyasi karibu na kambi. Cook akapiga bunduki, na mtu mmoja akaumizwa kidogo. Ndipo mzee mmoja alipokuja mbele, mkononi ana mkuki usio na ncha, na mapatano yakafanyika. Cook alikubali, na damu zaidi haikumwagika.

Merikebu ilikuwa tayari mwezi wa Julai, lakini upepo wa kusini-mashariki uliwazuia mtoni mpaka tarehe 4 Agosti. Hata walipotoka, walijikuta kati ya miamba pande zote, na upepo ukazidi kuwa tufani. Cook alitia nanga. Nanga ikaburutwa. Akaongeza urefu wa amari, maana amari ndefu huivuta nanga kwa kulala, nayo hujichimbia chini. Amari fupi huiinua ikang'oka. Nanga ikaburutwa bado. Akatupa nanga ya pili, akaongeza amari tena. Kisha akateremsha foromali na milingoti ya juu, ili upepo usipate pa kushika. Ndipo merikebu ikasimama. Mwamba ulikuwa nyuma yao, nao wakangoja hivyo, siku baada ya siku, mpaka upepo ukapungua.

Tarehe 11 Agosti Cook alikwenda kwa mashua mpaka kisiwa kirefu kilichokuwa karibu, ambacho wenyeji hukiita Jiigurru, akapanda mlima wake. Alikipa jina la Kisiwa cha Mijusi, kwa sababu ya wanyama hao waliokuwa wengi huko. Kutoka kileleni aliuona mwamba wa nje, na mawimbi meupe juu yake, na mapengo kati ya mawimbi. Palikuwa na utusitusi. Nahodha mwenye haraka angaliteremka. Cook alilala kisiwani, akapanda tena asubuhi atazame vizuri, na mashua ikaenda kupima pengo moja. Tarehe 13 Agosti Endeavour ikapita pengoni, ikatoka katika bahari kuu.

Furaha yao haikudumu. Alfajiri ya tarehe 16 walisikia ngurumo za mawimbi, na kulipopambazuka wakauona mwamba mbele yao. Upepo ulikuwa umekatika kabisa. Mawimbi makubwa ya bahari kuu yaliisukuma merikebu kuelekea mwamba, na bildi haikupata chini. Nanga zote walizo nazo zilikuwa bure. Mashua zikateremshwa kuivuta merikebu kwa makasia, lakini ikazidi kukaribia, hata wimbi moja tu likawa kati yao na kifo. Ndipo pumzi ndogo ya upepo ilipokuja, ndogo kiasi ambacho siku nyingine wasingaliitambua. Ikawasogeza kidogo, ikakoma, ikaja tena. Wakaona mlango mwembamba, na maji yaliyokuwa yakijaa yakawachukua ndani kama mto. Wakatia nanga katika pima 19, mahali pale pale palipokuwa pamewatisha juma lililopita, nao wakafurahi kuwapo.

Tangu siku hiyo Cook alishika njia ya ndani, mashua mbele, mpaka akapata mlango wa bahari kati ya Australia na New Guinea. Tarehe 22 Agosti aliitangaza pwani yote ya mashariki kuwa mali ya mfalme wa Uingereza. Wenyeji, ambao wazee wao waliishi huko maelfu na maelfu ya miaka, hawakuulizwa. Mwaka 1788 Waingereza walianza kuhamia, na wenyeji wengi walipoteza nchi zao na maisha yao.

Katika safari ile mabaharia hawakufa kwa kiseyeye, ugonjwa ulioua watu wengi katika merikebu za siku zile, kwa sababu Cook aliwalazimisha kula mboga na vyakula vibichi kila walipoweza kuvipata. Lakini Batavia, mji ambao sasa ni Jakarta, homa na kuhara damu viliwaua wengi. Tupaia naye akafa huko. Endeavour ilirudi Uingereza mwezi wa Julai 1771.

5. Nanga Zilizoachwa Tahiti

Safari ya pili ilianza mwaka 1772, merikebu mbili, Resolution na Adventure. Mara hii Cook alichukua saa iliyotengenezwa na Larcum Kendall, iliyohifadhi wakati wa Uingereza hata katikati ya bahari. Kwa kuulinganisha wakati huo na wakati wa jua la mahali alipo, nahodha aliweza kujua amekwenda mashariki au magharibi kiasi gani. Tarehe 17 Januari, 1773, merikebu zake zilivuka mstari wa Aktiki ya Kusini, jambo ambalo halikupata kufanywa kabla yake.

Mwezi wa Agosti mwaka huo walirudi Tahiti, na hapo wakaonja tena hatari ile ile ya zamani. Karibu na ghuba ya Vaitepiha upepo ulikatika, na mkondo ukazivuta merikebu zote mbili kwenye mwamba. Walitupa nanga, lakini Resolution ikafika karibu na mwamba hata mkuku wake ukagonga chini kila wimbi liliposhuka. Upepo mdogo kutoka nchi kavu ukawaokoa jioni. Ikawabidi wakate amari na kuziacha nanga kadhaa. Mwaka 1978 nanga moja katika hizo iliopolewa kutoka baharini.

Katika safari hiyo alipima visiwa vya Tonga, na Vanuatu, na New Caledonia, na vingine vingi, akathibitisha ya kuwa lile bara kubwa lenye joto na rutuba ambalo watu walilidhani liko kusini, haliko. Alirudi nyumbani mwaka 1775. Angaliweza kupumzika, maana alipewa cheo cha heshima pwani. Hakukaa mwaka mzima.

6. Ghuba ya Kealakekua

Mwaka 1776 alitoka tena, na Resolution na Discovery, atafute njia ya bahari kaskazini ya Amerika. Waliosafiri naye zamani waliona mabadiliko. Alikuwa amechoka, na hasira yake ilikuwa karibu. Mwezi wa Oktoba 1777, katika kisiwa cha Moorea, mbuzi mmoja aliibwa. Cook akachoma nyumba na kuvunja mitumbwi ya watu mpaka mbuzi akarudishwa.

Mwezi wa Januari 1778 alivifikia visiwa vya Hawaii, kisha akaenda kaskazini mpaka barafu ikamzuia. Alirudi Hawaii mwisho wa mwaka, akazunguka kisiwa kikubwa majuma mengi katika upepo na mawimbi, akitafuta mahali pa kutia nanga. Kamba zilikuwa zimechakaa, na mabaharia wakanung'unika. Mwishowe alimtuma William Bligh kwa mashua kuipima ghuba ya Kealakekua, na tarehe 17 Januari, 1779, wakatia nanga humo. Ilikuwa majira ya sikukuu ya mungu Lono. Watu maelfu walikuja kuwalaki, na mfalme wao, Kalaniopuu, aliwapa wageni chakula kingi na heshima kubwa. Wakakaa majuma zaidi ya mawili, na tarehe 4 Februari wakatoka.

Kisiwa kile kina milima mirefu sana, na katika nafasi iliyo kati yake na kisiwa cha jirani upepo hupenya kwa nguvu kama maji katika mfereji. Siku chache baada ya kutoka, dhoruba iliwapiga huko, na mlingoti wa mbele wa Resolution ukavunjika sehemu ya chini. Mlingoti hauwezi kutengenezwa baharini. Cook hakuijua bandari nyingine ya kuaminika katika pwani ile. Akageuza, akarudi Kealakekua tarehe 11 Februari.

Mara hii ghuba ilikuwa kimya. Sikukuu imekwisha, vyakula vya watu vimeliwa, na wenyeji hawakuelewa kwa nini wageni wamerudi. Wizi na ugomvi ukaanza. Usiku wa kuamkia tarehe 14 Februari mashua kubwa ya Discovery iliibwa. Asubuhi Cook alifunga ghuba kwa mashua zake, akashuka pwani na askari kumi, amchukue mfalme mpaka merikebuni, amzuie huko mpaka mashua irudishwe.

Mzee yule alikubali, akamfuata. Lakini karibu na maji mke wake na wakuu walimsihi asiende, naye akaketi chini, moyo wake umeingia shaka. Watu wakakusanyika kwa maelfu. Ndipo ilipofika habari ya kuwa mkuu mmoja ameuawa kwa bunduki na mashua za Waingereza, upande wa pili wa ghuba. Mtu mmoja akamtishia Cook. Cook akapiga bunduki. Mawe yakaanza kuruka. Askari wakapiga, lakini hawakupata nafasi ya kujaza bunduki tena. Cook akauawa ukingoni mwa maji, na mashua zake zi karibu, pamoja na askari wanne. Wahawaii wengi nao walikufa siku ile. Alikuwa na umri wa miaka 50.

Mabaki ya mwili wake yaliyorudishwa yalizikwa baharini katika ghuba ile. Habari zilifika Uingereza mwaka 1780. Elizabeth, mke wake, aliishi mpaka mwaka 1835, akafa akiwa na miaka 93, na watoto wao sita wote walikuwa wamemtangulia.

Ramani za Cook ziliwaongoza mabaharia wa mataifa yote katika Pasifiki. Lakini merikebu zilizofuata ramani hizo zilipeleka visiwani bunduki na magonjwa mageni, na watu wa visiwa wana sababu ya kulikumbuka jina lake kwa namna yao wenyewe.

Katika miaka zaidi ya kumi alipita kati ya miamba ambayo hakuna Mzungu aliyeijua. Hakuwa na nguvu kupita upepo, wala nanga zake hazikuwa bora kuliko za wengine. Aliokoka kwa sababu alipima kabla ya kwenda, na alipoona hatari alisimama akangoja. Mtoni, mzee alipomjia na mkuki usio na ncha, alifanya vivyo hivyo na watu. Asubuhi ile ya Kealakekua mashua moja ilikuwa imeibwa, na mlingoti ulikuwa bado unatengenezwa. Alikuwa na siku za kungoja, lakini hakungoja.